Risasi ya buku

Wasomaji wangu, leo tuziache kando habari za mafisadi na uchaguzi. Leo nataka tuzungumze risasi.

Nimekaa kwenye vyumba vya habari muda wa kutosha kujua kwamba habari yoyote ya ujambazi lazima iwe na sentensi moja: majambazi hao walikuwa na bunduki aina ya SMG. Basi, imetoka hiyo. Mwandishi haulizi SMG ndiyo nini, mhariri haulizi, na wewe msomaji unapita. Mimi nina ugonjwa wa kuuliza, na siku moja nilijikuta nauliza kuhusu namba nyingine kabisa, 5.56. Hizo ni milimita. Ndiyo risasi ya M16 ya Wamarekani, na ya karibu kila bunduki ya kawaida ya majeshi ya NATO toka mwaka 1980. Nilitegemea kukutana na wanasayansi wa jeshi, maabara za siri na vita baridi. Hao nilikutana nao, lakini baadaye. Mwanzo wake niliukuta kwenye mashamba ya majani ya ng'ombe, na mhusika mkuu alikuwa mnyama mnene, mvivu, anayechimba mashimo.

Mnyama huyu Wamarekani wanamwita woodchuck, wengine groundhog. Kwa ukoo ni jamaa ya kindi. Mimi kwenye makala hii nitamwita buku, kwa sababu ukimuona picha utakubaliana nami. Ana uzito wa kilo mbili mpaka sita hivi, anapenda majani mabichi, na anachimba handaki lenye milango kadhaa katikati ya shamba la mtu. Farasi akikanyaga shimo lile anavunjika mguu. Gurudumu la mashine likiingia, ekseli inaondoka. Mwaka 1883 bunge la jimbo la New Hampshire liliunda kamati nzima kumjadili mnyama huyu, ikapitishwa zawadi ya senti 10 kwa kila buku atakayeuawa. Kulikuwa na sharti: buku aliyeuawa siku ya Jumapili halipiwi. Walokole wale, bwana! Hata kuua panya kuna siku yake.

Huko magharibi, kwenye nyika kavu, mhalifu alikuwa mwingine. Kuna kindi wadogo wa ardhini wanaoishi kwa makundi makubwa, na kwa sababu wanabweka Wamarekani wakawaita mbwa wa mbugani. Mwaka 1902 mtaalamu wa wanyama wa serikali, C. Hart Merriam, aliandika juu ya kundi moja la Texas lililoenea maili za mraba 25,000, akakadiria lina wanyama milioni 400. Eneo hilo ni karibu sawa na Mkoa wa Morogoro, chukua ulijaze kindi. Wafugaji waliamini kila jani linaloliwa na kindi limeibwa kwa ng'ombe. Serikali ikaingia na sumu, na mwaka 1931 ikatunga sheria ya nchi nzima ya kudhibiti wanyama waharibifu. Kazi ikafanyika kweli kweli. Kindi hao leo wamebaki kwenye kipande kidogo tu cha ardhi waliyokuwa nayo, na kicheche mmoja mwenye miguu myeusi, ambaye chakula chake ni hao kindi, alidhaniwa ametoweka kabisa duniani mpaka mwaka 1981, mbwa wa mfugaji mmoja wa Meeteetse, Wyoming, alipoleta mzoga wa mmoja nyumbani.

Wanyama wote wa namna hii Wamarekani wana neno lao moja, varmint. Ni neno vermin la Kiingereza lililopindishwa na midomo ya watu wa shamba, kama sisi tunavyoipinda "shirt" ikawa shati. Maana yake ni mnyama msumbufu, asiye na mtetezi. Hana msimu wa kuwindwa wala idadi, na mara nyingi hata nyama yake haitakiwi. Neno hilo lilivuka bahari na wakoloni wa Kiingereza, na nyani na nguruwe pori wetu wakaandikwa humo humo kwenye vitabu vya idara ya wanyama. Bibi zetu hawakuhitaji kitabu. Waliokuwa na gobore walishindilia baruti na vipande vya misumari, wasio nalo walipiga debe usiku kucha. Lakini naomba tuelewane, tofauti ipo. Mkulima wetu akilinda muhogo anapigana na njaa ya mwakani. Kule Marekani, kufika miaka ya 1920, kumpiga buku kulishaanza kuwa mchezo wa watu wenye gari, wenye siku za mapumziko na wenye pesa ya kununua bunduki ya pili. Msimu wa paa ni majira ya baridi kuelekea mwisho wa mwaka. Sasa kiangazi mtu afanye nini na bunduki yake? Anaenda kwa mkulima, anabisha hodi, anaomba ruhusa ya kumsaidia kupunguza buku. Mkulima anafurahi, mgeni anafurahi.

Na hapo ndipo ufundi ulipoanzia, kwa sababu buku ni shabaha ngumu. Anakaa mlangoni kwa shimo lake, kichwa tu nje, umbali wa mita 200. Akihisi kitu amezama. Risasi za zamani zilikwenda polepole, na risasi ya polepole inaanguka njiani kama jiwe ulilorusha. Ukikosea kukadiria umbali kwa mita 20 tu, umepiga udongo. Kwa hiyo walitaka risasi inayokwenda kasi kiasi kwamba kwa mita 200 inakuwa kama imenyooka.

Jambo la pili ndilo naomba uliweke kichwani, maana tutalirudia. Shambani kuna ng'ombe. Kuna nyumba ya mkulima, kuna watoto, kuna jirani. Risasi nzito ikigonga jiwe inaruka na kulia kwenda kusikojulikana. Wawindaji walitaka risasi ambayo ikigonga chochote, iwe jiwe, udongo au mnyama, inasambaratika hapo hapo na haiendi mbele. Kwa hiyo kichwa chake kilitakiwa kiwe chepesi, gamba lake liwe jembamba, na kiende kasi sana. Kwa buku maana yake ilikuwa kifo cha papo hapo, na kwa ng'ombe wa jirani ilikuwa usalama. Ukiangalia kwa macho ya mwaka ule ni risasi yenye adabu kabisa.

Waliofanikiwa kwanza, cha kuchekesha, walikuwa wanajeshi. Springfield, Massachusetts, kulikuwa na kiwanda cha bunduki cha serikali, na miaka ya 1920 hakukuwa na vita. Maofisa kama Kanali Townsend Whelen na Kapteni Grosvenor Wotkyns walikuwa wawindaji, na saa za ziada wakacheza na risasi moja ya mwaka 1885 iliyotumia baruti nyeusi ya moshi. Wakaitia baruti ya kisasa na kichwa chepesi, na ikatoka na kasi ya mita zaidi ya 700 kwa sekunde. Mwaka 1930 kampuni ya Winchester ikaanza kuiuza kwa jina la .22 Hornet, yaani nyigu. Iliiuza kabla hakuna kiwanda hata kimoja kilichokuwa kinauza bunduki ya kuipiga! Watu walinunua risasi kwanza, halafu wakapeleka bunduki zao kwa fundi zikachongwe upya.

Hizo namba zenye nukta mbele ni sehemu za inchi, na hazisemi ukweli kila mara. Risasi za .220, .222 na .223 zote vichwa vyake ni vya upana mmoja, karibu milimita 5.7. Namba ni jina tu, kama vile basi la Moshi linavyoweza kuitwa London Express.

Mwaka 1935 Winchester wakaleta .220 Swift. Kichwa chake kilikuwa cha gramu 3 tu, na kasi iliyotangazwa ilikuwa mita 1,250 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti. Hakuna risasi ya dukani iliyowahi kufika hapo. Sifa zikaenea, na lawama pia, maana moto wake ulikuwa unaila mitutu. Wakati huo huo mafundi wa vichochoroni, jua kali ya Kimarekani, walikuwa wanachukua maganda ya risasi kubwa, wanayabana shingo yapokee kichwa kidogo, wanajaza baruti na kuona kitakachotokea. Mmoja wao, J. E. Gebby, alisajili jina la ya kwake mwaka 1937 kabisa, akaiita Varminter. Kampuni kubwa ya Remington ilikuja kuichukua familia hiyo ya risasi mwaka 1965 na kuiuza kama .22-250. Ilichukua miaka 28 fundi wa kichochoroni kukubaliwa na wakubwa. Hadithi hiyo tunaijua.

Lakini unaweza kuwa na risasi inayokwenda kama radi, kama humuoni buku kazi bure. Darubini ya bunduki haikuwa kitu kipya. William Malcolm wa Syracuse, New York, alikuwa anazitengeneza toka mwaka 1855, ndefu karibu sawa na mtutu wenyewe, na ile alama ya msalaba ndani ya kioo mara nyingi mafundi wa zamani waliitengeneza kwa uzi wa buibui. Shida ilikuwa bei. Darubini ilikuwa kitu cha tajiri au cha jeshi. Mwaka 1930 kijana mmoja, William Weaver, akaleta darubini yake ya kwanza, Model 330, inayokuza mara tatu, kwa dola 19 pamoja na vyuma vya kuifungia. Baadaye alihamishia kiwanda El Paso, Texas. Nadhani Weaver aliubadilisha uwindaji wa Marekani kuliko mtengeneza bunduki yeyote wa wakati wake. Kwa wenye pesa kulikuwa na John Unertl wa Pittsburgh, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliyefungua kampuni yake mwaka 1934. Darubini zake ndefu na nyembamba zilipendwa na walenga shabaha na wapiga buku. Ukungu ulikuwa bado unaingia ndani ya vioo siku za mvua, mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Leupold ya Oregon ilipoanza kuziziba darubini zake na kuzijaza gesi ya naitrojeni.

Sasa tuje kwa Mike Walker. Huyu alikuwa mhandisi wa Remington na mgonjwa wa mchezo wa kulenga ukiwa umekaa mezani. Bunduki inalazwa juu ya mfuko wa mchanga, unapiga risasi tano au kumi kwenye karatasi, na anayeshinda ni yule ambaye matundu yake yamebanana zaidi, ikiwezekana yaonekane kama tundu moja. Walker aliona risasi nyingi zilizokuwepo ni viraka, ganda la bunduki hii limebanwa liwe la bunduki ile. Akachora mpya toka mwanzo, ganda dogo lenye uwiano mzuri, kasi ya zaidi ya mita 950 kwa sekunde, teke dogo begani, na haili mtutu. Ilitoka mwaka 1950 na ikaitwa .222 Remington. Kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa ndiyo mfalme wa mashindano ya mezani, na wapiga buku waliipenda kama kipenzi. Walker mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2013, akiwa amepita miaka 100.

Yeye alikuwa anatengeneza risasi ya karatasi na buku. Nalisema hili kwa sababu kinachofuata hakikuwa mpango wake.

Mwaka 1952, vita ya Korea ikiendelea, ripoti mbili zilifika mezani kwa wakubwa wa jeshi la Marekani. Moja ilikuwa ya Donald Hall wa Aberdeen, nyingine ya Norman Hitchman wa ofisi ya utafiti wa jeshi. Kwa lugha ya mtaani zilisema hivi: askari wa miguu karibu wote wanapiga na kupigwa ndani ya yadi 300, kwa hiyo hayo marisasi makubwa yenye nguvu ya kufika kilomita ni mzigo wa bure. Risasi ndogo yenye kasi ingefanya kazi hiyo hiyo, na askari angebeba nyingi zaidi. Wakubwa hawakutaka kusikia. Waliwasukuma washirika wao wa NATO kukubali risasi kubwa ya 7.62, na mwaka 1957 wakachagua bunduki ya M14 ya kuipiga.

Mwaka huo huo wa 1957 kulikuwa na jenerali mmoja, Willard Wyman, aliyekuwa na mawazo tofauti. Aliiomba kampuni ndogo ya California, ArmaLite, imtengenezee bunduki nyepesi ya risasi ndogo. Masharti yakaja, na mojawapo lilikuwa kwamba risasi itoboe kofia ya chuma kwa yadi 500. Mhandisi wao mkuu alikuwa Eugene Stoner, na waliofanya kazi ya kuipunguza bunduki yake kubwa iwe ndogo ni Jim Sullivan na Robert Fremont. Bunduki ikapatikana, ikaitwa AR-15. Risasi je? Walikwenda pale pale ambapo Mmarekani yeyote mpenda bunduki angekwenda mwaka ule, kwenye .222 ya Walker. Ilikuwa dukani, kila mtu anaijua, inalenga vizuri kuliko zote. Kasoro yake ilikuwa kofia ya chuma. Kwa yadi 500 ilikuwa inapungukiwa nguvu kidogo.

Wakarefusha ganda. Unajua kwa kiasi gani? Ganda la .222 lina urefu wa milimita 43.2. Jipya likawa na 44.7. Milimita moja na nusu! Nafasi ya baruti kidogo zaidi, basi. Wakaiita kwanza .222 Special, na mwaka 1959 jina likabadilishwa kuwa .223 Remington, ili watu wasichanganye. Jeshi lilipoikubali lilihesabu kwa milimita, 5.56. Risasi yake moja ilikuwa na uzito wa nusu ya ile ya 7.62, kwa hiyo askari kwa mzigo ule ule anabeba mara mbili.

Siku ya tarehe 4 Julai 1960, kwenye sherehe nyumbani kwa Richard Boutelle, aliyewahi kuwa mkuu wa kampuni mama ya ArmaLite, Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga alipewa AR-15 ajaribu. Yaliwekwa matikiti maji, moja yadi 50 na jingine yadi 150. LeMay akayafumua yote mawili, na la tatu, inasemekana, wakalila. Jenerali akavutiwa, na jeshi la anga likawa mteja. Nimeisoma hadithi hii mara nyingi ikisimuliwa kama kichekesho. Mimi naiona ni ushahidi. Kilichomvutia LeMay ni kile kile kilichomvutia mpiga buku, kwamba ikigonga kitu chenye majimaji, kitu kinafumuka.

Mwaka 1962 bunduki hizo 1,000 zilipelekwa Vietnam Kusini kufanyiwa majaribio vitani. Taarifa zilizorudi Washington zilielezea majeraha kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kuna wengine mnasoma mkiwa mnakula. Wapo waliosema taarifa zimetiwa chumvi, na hilo lina ukweli kiasi. Lakini miaka ya 1980 daktari wa upasuaji wa jeshi hilo, Martin Fackler, alilichunguza jambo kwa utulivu, akapiga risasi kwenye vipande vya jelatini na kuangalia. Akaona kwamba kichwa kile chembamba kikiingia mwilini kinageuka ubavu, na kama bado kina kasi ya kutosha kinavunjika katikati na vipande vinatawanyika.

Turudi kwenye lile nililokuomba uliweke kichwani. Azimio la Hague la mwaka 1899 linapiga marufuku vitani risasi zinazotanuka au kubonyea kirahisi mwilini. Risasi ya buku ya dukani, yenye gamba jembamba na ncha laini, hapo haipiti kabisa. Jeshi kwa hiyo lilikifunika kichwa cha 5.56 kwa gamba kamili la shaba, sheria ikatimizwa. Lakini wepesi ulibaki na kasi ilibaki. Risasi ya familia iliyofugwa kwa miaka thelathini ili isambaratike haikuacha tabia kwa sababu imevalishwa koti. Wanasheria hawakulala pia. Wasweden walilipigia kelele jambo hili kwa miaka, na Septemba 1979 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha zenye madhara ya kupita kiasi ulipitisha azimio la kuzitaka serikali zichunguze zaidi risasi hizi ndogo na ziwe na tahadhari. Azimio, si marufuku. Mnajua azimio linavyofanya kazi.

Kuna adhabu waliyoipata wenyewe pia. Risasi hii ilikuzwa na aina fulani ya baruti. Mpiga buku yeyote anayejaza risasi zake mwenyewe anajua kanuni: ukibadilisha baruti, unaanza kujaribu upya. Jeshi lilibadilisha baruti, likaitia aina nyingine iliyokuwa inachafua na kuongeza mwendo wa mashine, halafu likaigawa bunduki bila kutia kromu chumba cha risasi na bila kuwafundisha vijana kuisafisha. M16 zikaanza kukwama katikati ya mapigano. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ililiweka hilo wazi mwaka 1967. Kuna vijana wa miaka 19 waliokutwa wamekufa bunduki zao zimefunguliwa, wakijaribu kutoa ganda lililonasa. Hapa hasira yangu haiko kwa waliobuni risasi.

Na wadunguaji? Jeshi la wanamaji la Marekani liliingia Vietnam halina bunduki maalum ya kudungua. Likachukua Winchester Model 70, bunduki ya wawindaji, na juu yake darubini ya Unertl inayokuza mara nane. Carlos Hathcock, aliyehesabiwa kuua watu 93, alitumia mchanganyiko huo. Mwaka 1966 wakanunua Remington 700 yenye mtutu mnene, ule ambao wapiga buku waliutaka kwa sababu hauchemki haraka, wakafunga darubini ya Redfield ya wawindaji, wakaiita M40. Tofauti na ya kwenye kabati la mkulima wa Pennsylvania ilikuwa ndogo mno.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Warusi waliona, wakatoa risasi yao ndogo ya 5.45 na bunduki ya AK-74 ya kuipiga. Mwaka 1980 NATO ikachagua 5.56 kuwa risasi ya pili ya umoja huo, kwa muundo wa kiwanda cha FN cha Ubelgiji chenye ncha ya chuma ndani. FN hao hao walikuja kuijengea Kenya kiwanda cha risasi pale Eldoret miaka ya 1990, na miongoni mwa zinazotoka pale ni 5.56. Wasomaji wa Kenya mtakumbuka kelele zake: inakuwaje nchi iliyozungukwa na vita inajenga kiwanda cha risasi kimyakimya?

Na Rwanda. Oktoba 1992, serikali ya Habyarimana ikiwa vitani na RPF, Afrika Kusini iliiuzia silaha za dola milioni 5.9. Tena miaka minane baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mwaka 1984, kuziomba nchi zote zisinunue silaha za makaburu. Human Rights Watch iliyaandika hayo kwenye ripoti ya Januari 1994, miezi mitatu kabla ya mauaji ya kimbari. Kwenye orodha kulikuwa na bunduki za R4. R4 ni Galil ya Waisraeli iliyotengenezwa Afrika Kusini, na inakula 5.56. Sasa angalia neno lililotumika redioni Kigali kuwaita watu. Inyenzi, mende. Lilikuwa la tangu miaka ya 1960, lakini redioni lilifanya kazi ile ile inayofanywa na neno varmint: asiye na msimu, asiye na idadi, asiye na mtetezi. Sisemi risasi ililibeba neno, hapana. Vilifika kwa njia tofauti. Lakini vilikutana pale.

Mwaka 2022 jeshi la Marekani lilichagua bunduki mpya yenye risasi kubwa zaidi, milimita 6.8, kuanza kuchukua nafasi ya 5.56 kwa askari wa mstari wa mbele, kwa sababu siku hizi adui naye anavaa vizuia risasi. Kampuni iliyoitengeneza, SIG Sauer, inaiuza pia kwa wawindaji kwa jina la .277 Fury.

Na ile .222 ya Walker bado ipo. Ufaransa ilikuwa na sheria iliyotenga risasi za kivita na za kiraia, na iliendelea hivyo mpaka mwaka 2013. Kwa sheria ile .223 ilikuwa ya kivita, mwindaji wa kawaida haruhusiwi kuinunua. Kwa hiyo wawindaji wa mbweha wa Kifaransa walibaki na mama yake, fupi kwa milimita moja na nusu, na dukani waliuziwa bila matata.